Deni la Mwezi wa Tatu

Upo mkopo mmoja Uwanda wa Makonde na kandokando yake usioandikwa katika vitabu vya benki yoyote, ingawa kila kijiji cha Newala na Masasi kinaujua. Hauna fomu, hauna hati ya dhamana, na riba yake haitajwi. Msimu wake ni masika, kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, muhogo umepungua shambani na mahindi hayajakauka. Shule zimefunguliwa na mtoto hana sare. Mgonjwa anatakiwa kufikishwa hospitali ya Mkomaindo au Ndanda, na nauli haipo. Mwenye shida humwendea mwenye nacho, mara nyingi jirani au shemeji, wakapatana kwa maneno tu: nipe elfu themanini leo, korosho zikianza kuanguka nitakupa gunia. Siku hiyo mkorosho wenyewe hauna hata ua.

Hiyo ndiyo kangomba. Jina hilohilo hutumika kwa korosho zilizokwisha kuokotwa, zinazonunuliwa usiku kwa bakuli, nje ya ghala la chama cha ushirika, kwa bei ya kumkomoa mwenye njaa. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 na kanuni zake haziikubali: anayenunua korosho ghafi awe na leseni, na mzigo upite kwenye mfumo rasmi. Kila msimu wakuu wa wilaya huionya, na pikipiki zenye magunia hukamatwa. Nami naiona kuwa dhuluma, tena dhuluma kubwa. Lakini nikiifuata shilingi ya korosho kutoka shinani hadi benki nakutana na dhuluma nyingine za ukoo uleule, zenye mhuri na namba ya kumbukumbu, ambazo tumezoea kuziita changamoto. Nadai zipimwe zote kwa mzani mmoja.

Tupige hesabu kwanza. Tuseme gunia ni kilo 80, na tuseme msimu huo, baada ya makato yote, mkulima anabaki na shilingi 3,000 kwa kilo. Gunia lake lina thamani ya shilingi 240,000. Yeye alipokea 80,000 mwezi Machi, na Oktoba anatoa gunia zima. Katika miezi saba aliyemkopesha amepata 160,000 juu ya mtaji wake, yaani mara mbili ya alichotoa. Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliwawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, na huo ndio ukomo wa juu kabisa, mkopo uleule wa 80,000 kwa miezi saba ungezaa riba ya shilingi 19,600. Tofauti ya 19,600 na 160,000 ndiyo bei ya kutokuwa na pa kwenda mwezi Machi. Mikopo ya aina hiyo watu wa mjini wanaiita kausha damu, na inalalamikiwa redioni kila wiki.

Hakuna mtu Newala anayengoja Benki Kuu imwambie kwamba jambo hilo ni baya. Fiqhi ya Kiislamu ililishughulikia tangu Madina ya Mtume, mji wa wakulima wa tende waliokuwa wakipokea fedha za mavuno ya mwaka mmoja, miwili, hata mitatu ijayo. Kuuza matunda ya mti uliotajwa kabla hayajaonyesha kukomaa kulikatazwa, kwa sababu mti ukikosa kuzaa mmoja wao atakuwa amekula mali ya mwenzake bure. Hata hivyo haja ya mkulima kupata fedha mapema haikupuuzwa. Ikaruhusiwa biashara ya salam: mnunuzi analipa bei yote siku ya mkataba, na kipimo, ubora na tarehe ya kukabidhi vinajulikana kwa wote wawili, wala mzigo haufungwi kwenye shamba fulani. Mashehe wa uwanda huu wanayajua masharti hayo vizuri. Kangomba inaanguka kwenye kila sharti: bakuli si kipimo, bei inapangwa na njaa, mikorosho inatajwa kwa idadi na mahali, na mwaka ambao ugonjwa wa ubwiriunga umekausha maua, gunia moja lisilolipwa linageuka magunia mawili mwaka unaofuata. Hapo ni riba waziwazi.

Upande wa Masasi mafundisho yalikuja pia kwa njia nyingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaweka hapo watumwa waliokombolewa, na misheni ya Kianglikana ikakua kuzunguka watu ambao wao wenyewe walikuwa wamewahi kupangiwa bei. Wabenedikto wakafuata Ndanda mwaka 1906. Torati wanayoisoma inamkataza mwenye mali kumtoza riba ndugu yake maskini, na inakataza mfanyabiashara kubeba mawe mawili ya kupimia, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Nabii Amosi aliwashambulia kwa hasira wauza nafaka waliochezea vipimo. Na kabla ya misikiti na makanisa, Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa na ukoo wa upande wa mama, ambamo mjomba ndiye aliyefuatwa mpwa akishindwa na deni. Aliyemkopesha mtu alijua anaukopesha ukoo, na ukoo ulikuwa na macho.

Kwa hiyo maadili yapo, tena yamejaa. Kinachokosekana ni fedha halali ya mwezi Machi. Mtu anayejua kabisa kwamba analofanya halifai, na bado analifanya kwa sababu mtoto ana homa, hafai kuwekwa kundi moja na yule anayekaa na kungoja homa hiyo ije.

Kuhusu mfumo rasmi, lazima niwe mkweli: stakabadhi ghalani ni wazo zuri, na kusini ilihitajika. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, bei ikadumaa, ubwiriunga ukaingia, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakatawanyika vijijini, kila mmoja na mizani yake. Ndipo, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mfumo mpya ukaanza kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, unapimwa na kupangwa daraja, unapelekwa ghala kuu, na korosho za wengi zinauzwa kwa mnada mmoja. Vyama vya Masasi viko chini ya chama kikuu cha MAMCU, vya Newala na Tandahimba chini ya chama kikuu cha TANECU. Wanunuzi walikuwa wakitumbukiza zabuni kwenye sanduku, na barua zikifunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024/2025 minada inapitia Soko la Bidhaa Tanzania kwa kompyuta, na bei iliyotoka mwanzoni mwa msimu huo ilivuka shilingi 4,000. Nani aliyewahi kuota bei hiyo enzi za mizani za njiani?

Lakini karatasi inayosimama badala ya mzigo ni jambo la imani, na imani hiyo ina watu wa kuivunja kokote duniani. Chicago, mji ulioanzisha bodi yake ya biashara ya nafaka mwaka 1848, ulikuwa na maghala makubwa yaliyotoa stakabadhi za ngano, nazo stakabadhi zikauzwa na kununuliwa kama fedha. Kampuni ya Munn & Scott ilikuwa miongoni mwa wenye maghala wakubwa. Ilipoanguka mwaka 1872 ikajulikana kwamba ilikuwa imetoa stakabadhi za nafaka isiyokuwepo, na kwamba matangi yake yalitandikwa mbao juu na nafaka ikamwagwa juu ya mbao, ili mkaguzi akichungulia aone yamejaa. Wenye maghala waliposhtakiwa walidai mahakamani kwamba serikali ya jimbo haina haki ya kuwapangia tozo, hiyo ni biashara yao binafsi. Mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia: anayeshika ghala ambalo umma wote lazima upitie amejiingiza katika jambo la umma, na umma una haki ya kumdhibiti.

Hukumu hiyo ingeweza kubandikwa kwenye mlango wa kila ghala la AMCOS kusini mwa Tanzania. Mkulima wa Newala hana mlango mwingine wa halali. Sheria imemfungia njia zote isipokuwa moja, na hilo linampa haki ya kudai kwamba njia hiyo moja iwe safi kuliko zote alizofungiwa.

Na haijawa safi. Miaka ya mwanzo chama kilikopa benki kwa dhamana ya stakabadhi, mkulima akapata malipo ya kwanza, kisha malipo ya pili baada ya mnada, na kilichobaki kikiwa kizuri kuna majaliwa. Riba ya benki ilikatwa kwenye korosho za mkulima, hata pale ucheleweshaji ulipokuwa wa watu wengine. Kisha yamekuwapo makato: ushuru wa halmashauri, usafiri, ghala, magunia, chama kikuu, chama cha msingi, na unyaufu. Hapo kwenye unyaufu nataka nitulie kidogo. Ni kweli korosho hupungua uzito zinapokaa, na hakuna dhambi katika kulikubali hilo. Lakini mkulima alikuwa akikatwa unyaufu uliokadiriwa na watu waliokaa mezani, huku mizani yake ya mwisho ikiwa imesomwa mjini, yeye hayupo. Kilo zikizidi ghala kuu, ni za nani? Wakala wa Vipimo anaweza kukagua mzani na kubandika stika yake, na anafanya kazi muhimu. Stika haizuii mkono wa karani kuandika 71 pale mzani uliposoma 74.

Aprili 2013 Liwale, wilaya ya mkoa jirani wa Lindi, hasira hiyo ililipuka. Malipo ya pili yalikuja pungufu ya yaliyotarajiwa, na nyumba zikachomwa, zikiwemo za viongozi. Hakuna wa kutetea moto. Ila ni vizuri kukumbuka nini kilitangulia: watu walikuwa wamekabidhi mali yao kwa mujibu wa sheria, wakangoja kwa mujibu wa sheria, na sheria haikuwa na kipengele chochote kwa ajili ya kungoja kwao.

Kisha ukaja msimu wa 2018/2019, na nadhani hakuna msimu unaofunua jambo hili kama ule. Mwaka mmoja kabla, bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000. Oktoba 2018 minada ilipofunguliwa, zabuni zikaja chini ya 3,000, na wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 10 Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na wa viwanda na biashara. Tarehe 12 akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, fedha zitoke Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na jeshi libebe mzigo. Uwandani watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia: mtu mkubwa alikuwa amesema hadharani kwamba bei ya dhuluma haikubaliki.

Kilichofuata ni uhakiki. Maofisa walikwenda mashambani kulinganisha mikorosho na kilo, ili fedha ya umma isiishie kwa wafanyabiashara wa kangomba. Nia ilikuwa ya haki. Lakini mzigo wa kuthibitisha uliangukia mgongo wa mwenye shamba. Mzee aliyerithi mikorosho bila karatasi, mjane anayevuna kwenye shamba la ukoo wa mumewe, kijana aliyepeleka korosho za bibi yake kwa jina lake mwenyewe, wote walilazimika kujieleza, na wapo waliosubiri malipo hadi mwaka uliofuata ukiwa umekwenda mbali. Wakati huohuo, Januari 2019, taasisi ya umma ilitia saini mkataba wa kuuza tani 100,000 za korosho hizo kwa kampuni moja ya Kenya, mkataba wa mamia ya mabilioni ya shilingi, na haukutekelezwa. Mkulima alihakikiwa kwa kuhesabiwa mikorosho yake mmojammoja. Je, mnunuzi wa tani laki moja alihesabiwa nini?

Hapo ndipo ninapoona uwiano umepinda. Tena uhakiki ule ulionyesha jambo ambalo lilistahili kufuatiliwa zaidi kuliko lilivyofuatiliwa: mfanyabiashara wa kangomba hawezi kuuza peke yake. Magunia aliyoyakusanya gizani lazima yaingie mchana kwenye ghala la AMCOS, kwa jina la mwanachama, kwa kalamu ya karani. Kila gunia la kangomba lililofika mnadani lina saini mbili rasmi. Tungeanza na saini hizo, pikipiki zingepungua zenyewe barabarani.

Nchi hii iliwahi kulitazama usoni swali la mwenye mamlaka kufaidika nayo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa TANU kuwa na hisa katika makampuni, kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, kwa imani kwamba anayeongoza watu asifaidike na shida zao. Masharti hayo yalilegezwa kwenye kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, yenye tamko la mali na madeni, na Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapahapa Masasi, alitangaza mali zake hadharani alipoingia Ikulu mwaka huohuo. Mjadala wote huo ulihusu wakubwa wa Dar es Salaam na Dodoma. Kijijini, ambako mwalimu, diwani au mjumbe wa bodi ya chama anaweza kuwa ndiye mkopeshaji wa mwezi wa tatu, swali la kiongozi kufaidika na shida ya anaowaongoza ni la jana jioni, na anayeulizwa unamjua kwa jina la utoto.

Ukitaka kuona maadili ya fedha yanayofanya kazi, waangalie akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Lindi na Mtwara vilienezwa sana, vikiwemo vile vilivyosaidiwa na Aga Khan Foundation. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo wanachama watatu tofauti, na anayetunza sanduku nyumbani hana hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya wote, fedha inahesabiwa kwa sauti, kila hisa inagongwa mhuri kwenye kijitabu cha mwenyewe. Anayechelewa anatozwa faini, mwenyekiti akiwemo. Riba ipo, lakini mwisho wa mwaka inagawanywa kwa walewale walioilipa. Hakuna aliyewafundisha akina mama hao somo la utawala bora kwenye hoteli ya mjini. Walianza tu na dhana kwamba hata mtu mwema asiachwe peke yake na sanduku. Vyama vingapi vya msingi vinavyopitisha mabilioni kwa msimu vinaweza kusema hivyo?

Udhaifu wa vikundi ni kalenda. Mgao wengi huufanya Desemba, fedha ya korosho ikiwa mkononi, na Machi sanduku ni jepesi. Kwa hiyo haviwezi kuiua kangomba peke yao. Anayeweza ni yule mwenye fedha ya kungoja, yaani benki, chama kikuu au mfuko wa serikali, na leo kisingizio cha kwamba mkulima hajulikani kimekwisha. Bodi ya Korosho inawasajili wakulima, AMCOS ina kumbukumbu za kilo za kila mwanachama msimu kwa msimu, na malipo yanapita kwenye akaunti ya benki. Mtu aliyepeleka kilo 600 kila mwaka kwa miaka mitano ana dhamana nzuri kuliko wafanyakazi wengi wanaokopeshwa kwa mshahara. Akopeshwe 80,000 mwezi Februari kwa riba ya kisheria. Na kwa Mwislamu asiyetaka riba, mkataba wa salam ulio wazi unawezekana. Tanzania imekuwa na benki inayofuata misingi hiyo tangu Amana Bank ilipofungua milango mwaka 2011. Kuwaonya watu juu ya kangomba bila kuwapa mkopo huo ni kumlaumu mwenye kiu kwa kunywa maji ya dimbwi.

Jingine ni rahisi zaidi na linahitaji karatasi tu. Kila chama kibandike mlangoni, kwa kila mnada: kilo zilizopokelewa, kilo zilizosomwa ghala kuu, bei, kila kato kwa jina na kiasi, na tarehe fedha ilipoingia. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inataka hesabu zikaguliwe na mkutano mkuu uitishwe, na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wapo kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini taarifa ya ukaguzi inayosomwa mwaka mmoja baadaye, kwa lugha ya wahasibu, hukuta korosho zimekwisha kuliwa Ulaya na India.

Na la mwisho, ambalo sijasikia likidaiwa kwa sauti ya kutosha, ni ucheleweshaji. Mkulima akichelewa kulipa, riba inapanda kila mwezi. Yeye akicheleweshewa, anaambiwa avute subira. Iwekwe basi kanuni kwamba kila mwezi unaopita baada ya siku ya malipo iliyoahidiwa, aliyeshika fedha, awe mnunuzi, chama au serikali, amlipe mkulima kwa kiwango kilekile cha Benki Kuu cha asilimia 3.5. Kwa gunia la shilingi 240,000, kuchelewa miezi miwili ni shilingi 16,800. Mwanachama yeyote wa AMCOS anaweza kuiweka hoja hiyo kwenye ajenda ya mkutano mkuu kabla mizani haijafunguliwa Oktoba, na hahitaji kungoja Bunge likae ndipo aanze kuidai.